Picha Moja ya Shosho: Nani Alikuwa Anatuprintia Miaka Hiyo Yote?

Shosho alipofariki mwaka jana, kitu cha kwanza kamati ya mazishi kuniuliza haikuwa mchango. Waliniuliza picha. "Wewe si ndiye wa kupiga mavideo? Tuletee picha nzuri ya shosho tuweke kwa programu."

Nilinyamaza. Hakuna mtu kwa hii familia alimpiga shosho picha nyingi kunishinda. Akichuma kahawa, akicheka, akinikemea kwa kuacha chuo. Lakini karibu zote zilikuwa kwa simu iliyoibiwa kwa matatu nikitoka Nkubu, miezi minne kabla. Klaudi ilikuwa imejaa kitambo. Ule ujumbe wa "nafasi imeisha" nilikuwa naufuta kila asubuhi nikisema nitashughulikia kesho. Zilizobaki ni zile zilizotumwa WhatsApp, zikatumwa tena na tena, hadi uso ukawa kama uji.

Jioni hiyo shangazi yangu alitoka chumbani na mkebe wa majani chai wa zamani. Ndani kulikuwa na risiti za kiwanda cha kahawa, kadi za kliniki za watoto wake, na picha moja ndogo, nyeusi na nyeupe, ya ukubwa wa pasipoti. Shosho akiwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, macho moja kwa moja kwa kamera, hacheki. Ilipigwa hapa Kanyakine siku ya soko, na jamaa aliyekuwa anazunguka na kamera na shuka jeupe la kuweka nyuma ya mtu. Zaidi ya miaka arobaini, na unaweza kuhesabu nyuzi za kile kitambaa.

Mimi na simu yangu ya kamera tatu tulishindwa na kipande cha karatasi. Hiyo aibu ndiyo imenifanya nisome hii historia, na ndiyo imenifanya ninunue printa. Leo nawapa zote mbili, kwa sababu naona ni stori moja.

Picha ya kwanza haikuwa yetu

Anza na kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika Kenya ilipitishwa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole na historia yake ya kazi. Wengi waliibeba ndani ya kijikebe cha chuma shingoni. Mwajiri ndiye aliandika humo ulifanya kazi wapi na uliondoka lini. Hiyo ilikuwa kumbukumbu yako, ila iliandikwa na mtu mwingine kwa faida yake.

Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, serikali ikataka na uso. Mwaka 1953, Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi kwa mashamba ya walowezi Bonde la Ufa waliamriwa wapigwe picha za kadi za utambulisho, na wengi walikataa. Zamani nikisoma hiyo nilidhani ni ushamba, eti watu waliogopa kamera. Sivyo. Walielewa vizuri kabisa kwamba picha hiyo haikuwa ya kuwekwa sebuleni, ilikuwa ya kuwatafuta. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil kule Nairobi, na waliolengwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Karatasi uliyokuwa nayo mfukoni ingeamua kama unalala kwako au kambini.

Sasa fikiria picha mbili za wapiganaji. Ya kwanza ni ya Dedan Kimathi baada ya kupigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Amelala kwenye machela, mikono imetiwa pingu. Waliomkamata ndio walitaka hiyo picha ionekane, na hadi leo ni moja ya picha zake zinazojulikana zaidi. Ya pili ni ya mtu wetu, Field Marshal Musa Mwariama wa Meru, akiwa na Jomo Kenyatta Desemba 1963, nywele zake ndefu za msituni zikiwa bado kichwani. Mmoja amepigwa akiwa mfungwa, mwingine amepigwa akiwa amesimama. Vita ni ile ile. Tofauti ni nani alikuwa na kamera siku hiyo na alitaka ionyeshe nini.

Na akina mama? Usajili ulikuwa wa wanaume tu kwa miongo mingi. Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa iguse wanaume wa rangi zote, lakini ni 1978 ndipo ilirekebishwa wanawake nao waingie. Ndiyo maana nyumba nyingi hapa kwetu ukitafuta picha ya zamani kabisa ya shosho, utapata ile ya kitambulisho. Hiyo ya kwa mkebe ni hivyo. Serikali ilitaka uso wake, akapigwa nakala kadhaa, na moja ikabaki nyumbani. Picha yetu bora ya shosho ni mabaki ya fomu ya serikali.

Halafu zikaja studio

Kulikuwa na njia nyingine: kwenda mwenyewe, kwa hiari yako, umevaa vizuri, ulipe. Studio zilizoandikwa zaidi kwa vitabu ni za Pwani. Zanzibar, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa 1930. Mombasa, Narandas Vinod Parekh alifungua Parekh Studio 1942, na watu wa kila aina walipita pale: mabibi harusi, mabaharia, marafiki wawili wamekumbatiana. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyekata picha kwa makasi na kuziunganisha hadi mtu anatokea ndani ya ua au ndani ya redio. Hakuwa na kompyuta.

Ninachopenda kwa hizo studio ni kwamba mteja ndiye aliamua aonekane vipi. Ukitaka koti, koti liko. Ukitaka kushika simu ya mezani ambayo kwenu haiko, shika. Watu hucheka hizo picha siku hizi, halafu wanaingia Instagram kupiga picha na gari la mtu.

Lakini kuchapisha bado kulikuwa mikononi mwa mwenye chumba cha giza. Unalipa, unaambiwa urudi baada ya wiki mbili. Negativu inabaki kwake. Studio ikifungwa, negativu zinaenda jalalani pamoja na ukoo mzima.

Rangi ilituletea shida zake

Mama yangu ana picha ya rangi akiwa mtoto, miaka ya themanini. Leo ni nyekundu yote, kama imepigwa ndani ya jiko. Ile ya shosho, ya zamani zaidi, bado iko sawa. Nilishangaa hadi nikaelewa: picha nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa chembe za madini ya fedha, na zikioshwa vizuri zinakaa miaka na miaka. Picha ya rangi imetengenezwa kwa rangi za kemikali, na kwa karatasi nyingi za zamani ile rangi ya siani, yaani ile buluu-kijani, ilikuwa inakufa kwanza hata ikiwa gizani ndani ya albamu. Siani ikienda, inabaki nyekundu.

Shida ya pili ilikuwa ngozi zetu. Maabara za picha zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mzungu, ziliitwa kadi za Shirley. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi tukitoka weusi bila pua wala macho, ilikuwa bahati mbaya yetu. Filamu zilianza kuboreshwa kwa rangi za kahawia baada ya watengenezaji wa fanicha na chokoleti kulalamika. Kodak walitoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti miaka ya tisini. Meza na chokoleti zilisikizwa kabla yetu, manze.

Wino wa kurushwa

Mwaka 1977, mhandisi wa Canon huko Japani, Ichiro Endo, alikuwa maabara wakati chuma cha moto cha kulehemu kiligusa sindano yenye wino. Wino ukaruka. Hapo ndipo walipata wazo: pasha wino joto ghafla, kiputo kinatokea, tone linarushwa kwa karatasi. HP walifikia wazo kama hilo kivyao na wakatoa printa yao ya ThinkJet 1984. Canon wakatoa BJ-80 mwaka 1985. Epson walichukua njia nyingine: badala ya joto, kuna kipande kidogo kinachojikunja kikipata umeme na kusukuma tone.

Mwanzoni zilikuwa za maandishi. Picha zilianza kuwa picha kweli miaka ya tisini, hasa walipoongeza rangi mbili, siani hafifu na majenta hafifu, juu ya zile nne za kawaida. Sababu ni rahisi. Printa haina rangi ya ngozi, ina vidoa tu. Ikitaka kutengeneza shavu kwa siani na majenta kali, inabidi itawanye vidoa mbali mbali, na jicho linaviona kama mchanga. Ikiwa na rangi hafifu inaweka vidoa vingi karibu karibu, na shavu linakuwa laini.

Kitu kilichotugusa sisi zaidi ni tangi. Kwa miaka mingi kampuni ziliuza printa bei rahisi halafu zikakuumiza kwa katriji. Watu wa nchi kama zetu hawakungoja ruhusa, walitoboa katriji, wakaunganisha mipira na chupa za wino pembeni. Epson waliona hiyo na 2010 wakaanza kuuza printa yenye matangi yake, wakianzia Indonesia. Wengine wakafuata. Kwa hivyo ukiona tangi la wino kwa saiba hapa soko, jua ni wazo lililotoka kwa mafundi wa mtaani kabla ya kampuni kulifanya rasmi.

Wakati huo huo Kodak, ambao mhandisi wao Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali 1975, waliomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika Januari 2012. Maabara za mjini zikaanza kufungwa. Sisi tukapata simu. Tukapiga picha nyingi kuliko vizazi vyote vilivyotutangulia, na hatukuchapisha yoyote.

Nilivyokosea ndio usikosee

Printa yangu ya kwanza nilinunua ya mkono wa pili, jina nitaliacha. Rangi nne. Nikaprinti picha ya binamu yangu kwa karatasi inayong'aa, akatoka kijani kama parachichi. Nikalaumu wino, nikalaumu aliyeniuzia. Kumbe kosa lilikuwa langu: kwa kompyuta nilikuwa nimeacha aina ya karatasi ikiwa "karatasi ya kawaida". Printa hutumia hiyo taarifa kuamua imwage wino kiasi gani na ichanganye rangi vipi. Ukiidanganya, nayo itakudanganya. Kabla hujabadilisha kitu kingine chochote, badilisha hapo.

Baadaye niliuza hiyo, nikaongeza pesa niliyokuwa naweka ya simu mpya, nikachukua ya matangi sita. Epson L8050 ni ya aina hiyo, na L805 iliyoitangulia bado utaipata kwa watu. Haya ndiyo ningeuliza kama ningeanza tena.

Kwanza, unaprinti nini? Kama ni fomu, kazi za shule na picha mara moja moja, tangi la rangi nne linatosha kabisa. Kama kazi yako ni nyuso, rangi sita. Kama ni picha kumi kwa mwaka, usinunue printa, peleka kwa maabara Meru mjini. Wino unaokaa bila kutumika hukauka ndani ya hedi, na hedi ni karibu bei ya printa.

Pili, uliza wino ni wa aina gani. Kuna wa dai, ulioyeyuka kama sukari kwa chai: rangi zake zinang'aa, lakini maji na jua ni maadui zake. Kuna wa pigmenti, wenye chembe: unavumilia maji na unakaa zaidi. Printa nyingi za ofisi zina nyeusi ya pigmenti na rangi nyingine za dai. Hiyo nyeusi ni nzuri kwa barua, lakini haishiki kwa karatasi ya kung'aa, kwa hivyo printa inaiacha na kujaribu kutengeneza nyeusi kwa kuchanganya zile rangi tatu. Matokeo ni nyeusi ya kahawia, na kwa ngozi zetu hapo ndipo kazi inaharibika.

Tatu, karatasi. Usinunue nyembamba sana. Mimi natumia ya gramu 230 kwenda juu. Upande unaong'aa ndio wa kuprintia, usicheke, nimeona watu wakigeuza. Chagua aina moja ya karatasi, izoee, ibaki hiyo.

Nne, picha yenyewe. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka kama pikseli 1200 kwa 1800 ndiyo itoke safi. Simu yoyote ya leo inafika hapo, lakini ikipita WhatsApp kawaida inabanwa. Mwambie mtu akutumie kama dokumenti.

Tano, stima. Hapa kwetu inapotea bila salamu. Zima printa kwa kitufe chake, usizime ukutani, kwa sababu ikizimwa vizuri hedi inarudi mahali pake na kufunikwa isikauke. Kila wiki prinati ukurasa mmoja mdogo wenye rangi zote. Ukiona mistari, safisha hedi mara moja au mbili, halafu ungoje masaa. Ukisafisha mara kumi unamwaga wino wako kwa sponji ya ndani, na sponji ikijaa printa inagoma.

Sita, ukishaprinti, acha ikauke siku nzima kabla ya kuweka kwa fremu. Weka nyuma ya kioo, mbali na dirisha. Picha ya dai iliyobandikwa ukutani uchi inapigwa na mwanga na hewa, na inapauka upesi kuliko unavyodhani.

Kurudi kwa shosho

Ile picha ya mkebe niliiskani kwa nukta 1200 kwa inchi. Ni inchi mbili tu, kwa hivyo nilipata kama pikseli 2400, na hizo zinatosha kuprinti inchi nane kwa nukta 300. Sikuondoa mikunjo. Nilisafisha vumbi tu. Nyeusi na nyeupe kwa printa ya rangi inapenda kutoka na kijani au zambarau, kwa hivyo niliharibu karatasi tano kabla ya kupata ile ya sita.

Siku ya mazishi ilibebwa mbele na mjukuu mdogo kabisa. Wazee wawili waliomjua akiwa kijana walisimama mbele ya fremu muda mrefu. Mmoja aliniambia, "Huyu ndiye tunayemjua. Yule wa mwisho alikuwa ni ugonjwa." Mimi nilikuwa na aibu ya kutokuwa na picha zake za uzeeni. Sikuwa nimefikiria kwamba kwa watu wengine shosho wangu alikuwa huyo msichana wa kitambaa.

Baada ya matanga niliprinti nakala nane, moja kwa kila mtoto wake. Nyuma nikaandika kwa penseli jina lake kamili, Kanyakine, na mwaka tunaoukadiria. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo, hata kwa ile ya kwanza.

Najua mtaniambia picha ziko klaudi. Sawa. Yangu pia ilikuwa klaudi hadi ikajaa. Akaunti ina neno la siri, na neno la siri linakufa na mwenyewe. Simu inaibiwa. Sisemi karatasi haifi; mchwa wanaijua, mvua inaijua, na wino wangu wa dai hauwezi kulingana na ile fedha ya jamaa wa shuka jeupe. Ndiyo maana naprinti nakala nane na si moja. Nyumba nane haziungui siku moja.

Watu wengine pia wataniambia niliacha chuo ili niprinti pasipoti za watoto wa fomu wani. Ni kweli, na zinalipa wino. Lakini kwa karibu miaka mia, uso wa mtu wa hapa ulichapishwa wakati mwajiri, polisi, serikali au mwenye studio alitaka. Leo hiyo mashine iko kwa meza yangu, kati ya thamosi na chaja. Sioni kama nimepoteza.

Kwa hivyo wiki hii fanya hivi. Chagua picha kumi. Si za kwako, una za kutosha. Za wazee. Waulize majina ya watu waliosimama nyuma, andika, prinati, mpe kila mtu yake. Kama huna printa, peleka mahali. Na kama kwenu kuna mkebe kama ule wa shosho, ufungue leo wenyewe wakiwa hai, halafu niambie kwa komenti umepata nini ndani.